Vuli mjini Lewiston: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu shughuli za jamii na kazi za kujitolea

Lewiston uko katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani, kando ya mto Androscoggin, ukitazamana na mji pacha wa Auburn ulio ng'ambo ya pili. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 37,121, idadi ndogo kwa mtu aliyezoea Bukavu au Dar es Salaam, ingawa kwa Maine huu ni mji wa pili kwa ukubwa. Maswali yafuatayo huulizwa kila mwaka, Septemba inapokaribia kwisha, na wasemaji wa Kiswahili waliofika hapa kutoka Kongo, Burundi, Rwanda na kwingineko.

Neno «vuli» lina maana gani hapa, na msimu huu huchukua muda gani?

Kwa mtu wa pwani ya Afrika Mashariki, vuli ni mvua za kati ya Oktoba na Desemba, wakati wa kupanda mazao ya muda mfupi. Hapa vuli ni majira ya kupukutika majani. Kwa kalenda huanza tarehe 22 Septemba au karibu na hapo na kwisha mnamo tarehe 21 Desemba, lakini shughuli za nje huanza kupungua tangu katikati ya Novemba, kwa sababu baridi huwa imekaza na jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo karibu kila kitu, yaani mavuno, usafi wa mto, mechi za shule, matembezi ya kuchangia fedha na kugawa makoti, husongamana katika wiki nane hivi. Rangi za majani hufikia kilele katikati ya Oktoba. Anayetaka kujuana na majirani asisubiri theluji, kwani baada ya hapo watu hujifungia ndani na huonana kwa nadra.

Kazi ya kujitolea inatofautianaje na salongo, umuganda au msaragambo?

Swali hili huulizwa kwa sauti ya chini, hasa na wazee, na linastahili jibu la kutosha. Waliokua Zaire ya Mobutu wanaikumbuka salongo: kazi ya pamoja iliyotangazwa kuwa ni ya maendeleo ya taifa, lakini asiyefika alijua kwamba angeweza kuadhibiwa. Rwanda ina umuganda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, na sheria inawahusu watu wazima wote walio chini ya umri uliowekwa. Burundi nayo ina kazi zake za Jumamosi asubuhi. Tanzania ilikuwa na msaragambo, na mahali pengine bado upo. Mtu aliyepita katika mifumo hiyo, anapoona tangazo linalowaalika «wakazi wote» kwenda kufagia bustani siku ya Jumamosi, ana haki ya kujiuliza ni nani atakayeandika majina ya wasiofika.

Hapa hakuna anayeyaandika. Kutokwenda hakuathiri makazi yako, msaada unaopata, shule ya watoto wala kesi yako ya uhamiaji. Ukiambiwa na mtu yeyote kwamba lazima ujitolee ili upewe chakula au nyumba, muulize ni kanuni gani inayosema hivyo na uombe maelezo kwa maandishi. Kuna kazi za lazima zilizopo kisheria, kwa mfano saa za huduma kwa jamii zinazoamriwa na mahakama, lakini hizo ni adhabu na zisichanganywe na jambo tunalolizungumzia hapa.

Hata hivyo, naamini kwamba kilicho bora katika desturi zetu za kazi ya pamoja kinafaa kubaki nasi. Kabla ya serikali yoyote kuigeuza kuwa amri, watu wa vijijini kwetu walikuwa wakialikana kulima shamba la mgonjwa au kuezeka nyumba ya mjane, na mwenye shughuli akapika. Kujitolea kwa hapa kunafanana na mwaliko ule kuliko kunavyofanana na salongo.

Bado nasubiri kibali cha kazi. Je, naruhusiwa kujitolea?

Kwa kawaida ndiyo, ikiwa masharti matatu yametimia: unalisaidia shirika lisilo la kibiashara au taasisi ya umma, kazi yenyewe ni ile ambayo kwa desturi hufanywa na watu wasiolipwa, na wewe hupokei malipo ya aina yoyote. Sharti la tatu ndilo linalowanasa wengi. Malipo si fedha pekee. Kupewa chumba cha kulala, kupunguziwa kodi ya nyumba au kuahidiwa mshahara wa baadaye kwa ajili ya kazi ya leo kunaweza kuhesabiwa kuwa ni malipo.

Biashara ya kutafuta faida haina ruhusa ya kukufanyisha kazi bure ikaiita kujitolea. Sheria ya viwango vya kazi ya Marekani, iliyopitishwa mwaka 1938, inamtaka mwajiri wa namna hiyo amlipe mfanyakazi. Mwenye mgahawa au kampuni ya usafi akikuambia ufanye wiki mbili bila malipo «ili ajue kazi yako», huo si mwaliko wa jamii, na kwa asiye na kibali hatari inakuwa maradufu. Ukiwa na shaka, muulize wakili wako kabla ya kuanza. Asiye na wakili anaweza kuwasiliana na Immigrant Legal Advocacy Project, shirika la msaada wa kisheria kwa wahamiaji wa kipato cha chini lililoko Portland katika jimbo hilihili.

Kuna shughuli zipi hasa, na ninaweza kufanya nini?

Kubwa kuliko zote ni Dempsey Challenge, inayofanyika mwishoni mwa Septemba kando ya mto. Mwigizaji Patrick Dempsey, aliyezaliwa Lewiston, alianzisha hapa mwaka 2008 kituo cha kuwahudumia bila malipo watu wenye saratani pamoja na familia zao, baada ya mama yake kuugua saratani ya ovari. Mwaka uliofuata yakaanza matembezi, mbio na safari ya baiskeli ya kukichangia kituo hicho. Huhitaji kuwa mkimbiaji. Watu huhitajika kugawa maji njiani, kuonyesha waegesha magari mahali pa kuegesha, kuwaandikisha washiriki na kuwashangilia wanaomaliza wakiwa wamechoka. Wapo wanaotembea wakiwa wamebandika mgongoni jina la ndugu waliyempoteza. Ukitaka kuelewa namna watu wa mji huu wanavyoomboleza na kushukuru kwa wakati mmoja, simama pale kwa saa mbili.

Kazi ya chakula ndiyo inayodumu msimu mzima. Good Shepherd Food Bank ilianzishwa Lewiston mwaka 1981 na sasa makao yake yako Auburn. Hukusanya chakula na kukisambaza kwa maghala ya msaada katika jimbo zima. Wanaojitolea huchambua mazao, husoma tarehe za makopo na kupanga maboksi. Katikati ya Lewiston kuna Trinity Jubilee Center, panapopikwa chakula cha mchana kwa wenye shida, na St. Mary's Nutrition Center, yenye ghala la chakula na bustani za jamii. Vuli ndipo bustani hizo hung'olewa mabaki ya mazao, hutiwa mboji na kufunikwa kabla udongo haujaganda. Mama zetu waliolima Kivu au Ruyigi hawahitaji kufundishwa kazi hiyo, na mara nyingi wao ndio huishia kuwaelekeza wengine.

Kuhusu mto, inafaa kujua historia yake kabla ya kushika mfuko wa takataka. Katika miaka ya 1940 Androscoggin ulikuwa umejaa uchafu wa viwanda vya karatasi na maji ya vyoo kiasi kwamba wakati wa kiangazi wakazi walifunga madirisha kwa sababu ya harufu. Edmund Muskie, aliyezaliwa Rumford, juu zaidi kwenye mto huohuo, na kusoma Bates College hapa Lewiston, alikuja kuwa seneta na kuongoza jitihada za kupata Sheria ya Maji Safi. Rais Nixon aliikataa, na Bunge likaipitisha juu ya pingamizi lake tarehe 18 Oktoba 1972. Leo watu huendesha mitumbwi mahali ambapo wazazi wao waliziba pua. Androscoggin Land Trust hutunza ardhi na njia za miguu kando ya mto, na unaweza kuwauliza kuhusu siku za usafi.

Nje kidogo ya mji, katika mji mdogo wa Wales hapahapa Maine, kuna Liberation Farms, mashamba yanayoendeshwa na jumuiya ya Wabantu wa Kisomali. Msemaji wa Kiswahili akifika huko huenda akashangaa kumwelewa kwa sehemu mzee anayezungumza Kizigua, kwa kuwa wengi wao ni wazao wa watu waliochukuliwa utumwani kutoka eneo ambalo leo ni Tanzania, na lugha ya mababu zao bado ipo vinywani mwao. Vuli ni wakati wa kuvuna na kukausha mahindi. Uliza kwanza kama wanahitaji mikono, maana lile ni shamba la watu wanaolitegemea, na mgeni aje wakati unaowafaa wenyewe.

Mwisho kuna kazi isiyohitaji shirika lolote: kumkusanyia majani kwa reki jirani mzee. Bisha hodi, onyesha reki yako, taja jina lako na nyumba unayoishi. Usiingie uani mwa mtu bila kumwuliza, hata kama nia yako ni njema.

Kiingereza changu ni kidogo. Nitafaa?

Utafaa. Kuchambua viazi, kubeba maboksi na kukusanya majani hakuhitaji maneno mengi, na watu wengi hupata Kiingereza chao cha kwanza cha kuaminika kwenye meza za namna hiyo, ambako neno na kitu huonekana pamoja. Ukijua pia Kifaransa, una njia nyingine. Mji huu ulijengwa kwa sehemu kubwa na wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliotoka Quebec, na kanisa kubwa la Watakatifu Petro na Paulo, lililowekwa wakfu mwaka 1938, ni lao. Bado wapo wazee wanaofurahi mno kuzungumza Kifaransa na Mkongo.

Tangazo linasema «9 AM». Nifike saa ngapi?

Hiyo ni saa tatu kamili asubuhi kwa hesabu yetu, na maana yake ni kwamba kazi inaanza saa tatu, kwa hiyo fika dakika kumi kabla. Ukimpigia Mswahili mwenzako kumweleza muda, taja saa kwa hesabu moja tu na useme ni ipi, kwani kuna waliofika mahali baada ya kila mtu kuondoka kwa sababu mmoja alisema saa tisa akimaanisha asubuhi. Kumbuka pia kwamba Jumapili ya kwanza ya Novemba saa hurudishwa nyuma kwa saa moja. Ukishindwa kufika, tuma ujumbe mapema. Zamu hupangwa kwa idadi ya watu, na pengo la mtu mmoja huwaelemea wengine.

Niegemee usafiri gani?

Basi la citylink hupita Lewiston na Auburn, lakini tazama ratiba mapema, hasa ya mwisho wa wiki. Wanaoratibu kazi mara nyingi wanajua nani ana nafasi garini, basi usione haya kuuliza.

Nivae nini, na kuna hatari gani nje?

Vaa nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, badala ya koti moja zito, kwa kuwa asubuhi ya Oktoba inaweza kuwa karibu na nyuzi 0 za Selsiasi na mchana ukapanda hadi 15. Viatu vifunike mguu mzima.

Hatari ambayo wageni hawaijui ni kupe. Kupe wa kulungu waliokomaa huwa hai sana Oktoba na Novemba, na hujificha hasa kwenye majani makavu unayoyakusanya. Wanaweza kueneza ugonjwa wa Lyme. Ingiza suruali ndani ya soksi, na ukirudi nyumbani kagua mwili wako na wa watoto, hasa nyuma ya magoti, kwapani na kwenye nywele. Ukiona kupe ameng'ang'ania, mtoe kwa kibanio kwa kumshika karibu na ngozi, na ukipata homa au wekundu unaopanuka nenda kwa daktari. Pia Novemba ni msimu wa kuwinda kulungu kwa bunduki. Yeyote anayesafisha njia za msituni avae kizibao cha rangi ya chungwa inayong'aa.

Watoto wetu wanaalikwa Halloween. Tufanye nini?

Tarehe 31 Oktoba jioni watoto huvaa mavazi ya kujigeuza na kubisha hodi nyumba kwa nyumba wakipewa peremende. Wazazi wengine, Wakristo na Waislamu, hawakubaliani na sura za mizimu na mafuvu, na hakuna atakayewalaumu kwa kubaki nyumbani. Taa ya mlangoni ikizimwa, watu huelewa kwamba nyumba hiyo haishiriki. Wengine huwaruhusu watoto wavae kama daktari au simba na kupita kwa majirani wanaowafahamu tu. Waislamu wakague peremende laini zinazovutika, kwani nyingi huwa na jelatini ya nguruwe. Shule zikiomba mzazi wa kusaidia katika sherehe ya mavuno darasani, hilo ni jambo jingine, na kuwapo kwako humpa mwanao fahari.

Kwa nini mji hutulia kabisa tarehe 25 Oktoba?

Usiku wa tarehe 25 Oktoba 2023 mtu mwenye bunduki aliwaua watu 18 katika sehemu mbili za starehe hapa Lewiston, ukumbi wa kuchezea bowling na baa. Wanne kati ya waliokufa walikuwa viziwi waliokusanyika kwa mashindano ya mchezo. Wakazi waliagizwa kubaki ndani kwa karibu siku mbili, na mshukiwa akapatikana akiwa amekufa. Mji ni mdogo, kwa hiyo kila mtu anamjua mtu aliyeguswa na msiba ule. Ukialikwa kwenye kumbukumbu, nenda, simama kimya, na usimdadisi mtu akusimulie alichokiona. Wengi wetu tumekimbia milio ya bunduki na tunajua ukimya huo unatoka wapi. Kama siku hiyo inakuamshia ya kwako, kutokwenda nako ni sawa, na zungumza na mtu unayemwamini.

Novemba kuna uchaguzi. Naweza kusaidia kituoni?

Kazi rasmi za kituoni ni za wapiga kura walioandikishwa, yaani raia. Onyo lifuatalo ni muhimu kuliko mengine yote katika ukurasa huu. Siku za vuli, kwenye maonyesho, masokoni na nje ya vituo vya kura, kuna watu wanaoshika vibao vyenye fomu na kuomba saini kwa ucheshi. Nyingine ni za kuandikisha wapiga kura, na Maine huruhusu kujiandikisha hata siku ya uchaguzi yenyewe. Nyingine ni za kupeleka hoja kwenye kura ya wananchi, na wanaoruhusiwa kuzisaini ni wapiga kura walioandikishwa tu. Asiye raia asisaini yoyote kati ya hizo, hata kama anayemwomba ni mwema na ana haraka. Kupiga kura au kudai uraia usio nao kunaweza kuharibu kesi ya hifadhi na hata kuleta kufukuzwa nchini. Sema tu kwamba wewe si raia, mshukuru, uendelee na safari yako.

Vijana wanapenda mpira tu. Hilo nalo lina nafasi?

Lina nafasi kubwa. Hapa soka ya sekondari huchezwa vuli. Mwaka 2015 timu ya wavulana ya Lewiston High School ilitwaa ubingwa wa jimbo kwa mara ya kwanza, ikiwa na wachezaji waliotoka Somalia, Kenya na Kongo miongoni mwa wengine, na jukwaani wazee wa asili ya Quebec waliwashangilia vijana ambao majina yao hawakuweza kuyatamka. Mzazi anaweza kuuza vitafunio, kuchukua tiketi mlangoni au kuwafundisha wadogo, ingawa kazi yoyote na watoto huhitaji kukaguliwa rekodi yako kwanza. Ukaguzi huo hufanywa kwa kila mtu, usiuchukulie kuwa unashukiwa.

Je, kujitolea kutanisaidia kupata kazi?

Hakuna ahadi. Hata hivyo mwajiri wa hapa huuliza nani anakufahamu, na msimamizi aliyekuona ukifika kwa wakati kwa wiki sita anaweza kukuandikia barua. Iombe kabla hujaondoka, na uandike mwenyewe tarehe na saa ulizofanya.

Mimi ndiye ninayepokea chakula cha msaada. Nitawezaje kusimama upande wa kugawa?

Wanaofanya hivyo ni wengi kuliko unavyodhani, na hakuna kanuni inayozuia. Sikukuu ya Shukrani huangukia Alhamisi ya nne ya Novemba, na siku hiyo yenyewe watu wa kujitolea huwa tele. Upungufu huonekana wiki mbili kabla, wakati wa kupakia maboksi ya bata mzinga, viazi na maboga, na tena Januari wakati wengine wamesharudi majumbani. Chagua siku hizo. Mwenye kujua Kiswahili anahitajika mno kwenye foleni, kwa sababu mama aliyefika juzi hawezi kuuliza kama nyama ni halali, kama kopo lile lina nguruwe, au bata mzinga mzima aliyegandishwa anapikwaje katika jiko dogo. Mweleze kwamba bata wa kilo saba huhitaji siku tatu hadi nne kwenye friji kuyeyuka, kwa hiyo akichukuliwa Jumamosi aingie kwenye friji Jumamosi hiyohiyo. Kisha umalize zamu yako, uvue glavu, upange foleni na kuchukua boksi lako kama mtu mwingine yeyote.